Boma la Rispa

Chifu alitangaza kwenye baraza kwamba ndege ya serikali itapita wiki hiyo kupiga picha, na watu wasije wakaogopa na kukimbilia vichakani. Picha za nini, hakusema. Basi Phelesia, mke wa Fanuel, akaelewa kama vile mtu yeyote mwenye akili zake angeelewa: ukiambiwa unapigwa picha, unaoga, unavaa. Asubuhi ndege iliposikika ikitokea upande wa ziwa, aliacha omena wake, wale dagaa wa ziwani, juani bila mtu wa kuwafukuzia kuku, akaingia nyumbani, akatoka na gauni la kanisa, lile la buluu lenye kola nyeupe, na kitambaa kichwani. Akasimama katikati ya uwanja, mikono imetulia, uso juu.

Fanuel alikuwa ameketi mlangoni. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, haoni mbali, lakini harufu ya sabuni aliisikia vizuri sana. Aliuliza kulikoni, akaambiwa. Akauliza tena, kwa ule upole wa mume anayetafuta maneno, kama mama wa watu amevaa viatu, maana serikali haipendi kupiga picha watu walio pekupeku. Phelesia alirudi ndani mbio. Alipotoka, ndege ilikuwa imegeukia ng'ambo inarudi, kwa hiyo aliwahi. Ilipita juu kabisa, ndogo kama inzi, na kuku wakawala omena wote.

Kijiji kizima kilicheka, na wanawake wa pwani ya Homa Bay wakianza kukucheka wanakufuata mpaka sokoni. Lakini wewe usimcheke haraka. Phelesia alikuwa na sababu yake ya kutaka picha. Mtoto wake wa kwanza alikufa bila kupigwa hata moja, na miaka ilivyokwenda sura ya yule mtoto ilianza kumtoka kichwani. Alikumbuka kicheko, alikumbuka magoti yenye vumbi, lakini uso ulikuwa ukififia, na jambo hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe. Alitaka wanawe waliobaki, yeye akifa, wasihangaike hivyo.

Mtoto huyo aliitwa Rispa. Alizaliwa katika bonde la Lambwe, enzi zile bonde lilipokuwa na watu, ng'ombe na mashamba ya mtama. Fanuel alikuwa kijana, ametoka kwa baba yake kujenga boma lake la kwanza, na alilizungushia ua wa minyaa, ule mmea ambao kwa Kijaluo ni ojuok. Minyaa haina makuu. Unakata fimbo, unaichomeka ardhini, unakwenda zako. Mvua ikinyesha, imeshika. Ubaya wake ni utomvu. Ukikuingia jichoni utajuta kuzaliwa.

Rispa wakati huo alikuwa kwenye umri wa kung'oka meno ya mbele, na alimfuata baba yake nyuma kila alipochomeka fimbo. Akaomba zake. Fanuel hakujua kumnyima. Alimkatia vijiti, akamfundisha kufuta mikono kwenye nyasi asijipake utomvu machoni, na mtoto akaenda nje ya ua, akachomeka vijiti vyake kwa mviringo, vimegusana na ua wa baba, akaacha na pengo la lango. Akatangaza kwamba hilo ni boma lake na kila mtu abishe hodi. Phelesia aligomba kweli siku ile, kwa ajili ya utomvu. Majirani nao waligomba kwa ajili ya mila. Kwao mvulana ndiye anayetoka akajenga boma lake. Msichana hajengi kwa baba yake, anangoja kuolewa aende kwa wenyewe. Wazee walimshauri Fanuel aving'oe vile vijiti kabla havijaleta chira, ile laana ya kuvunja mila. Fanuel alijibu kwamba ni mchezo wa mtoto, akaviacha. Mvua ikanyesha, vikashika.

Halafu mbung'o wakazidi, na malale ikaingia bondeni. Rispa alianza kusinzia mchana, akawa analala na chakula mkononi. Walimzika ndani ya boma, kando ya nyumba ya mama yake. Walikuwepo watu waliothubutu kunong'ona, si tulisema. Mmoja alikuja na panga kumsaidia Fanuel kuving'oa vile vijiti. Fanuel, mtu mpole asiyewahi kumwinulia mtu sauti, alimnyang'anya panga akalitupa mbali.

Baadaye watu walianza kuhama bondeni, boma baada ya boma, nao wakahama na mtoto mchanga mgongoni, wakaja kuanza upya karibu na ziwa. Huku majirani wapya walimwita Phelesia kwa jina la huyo wa mgongoni, Mama Onyango. Waliojua habari walifanya hivyo kwa huruma, ili wasimkumbushe. Yeye aliitika. Lakini mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na kila alipoitikia alihisi kama anamfungia mtu mlango.

Walirudi Lambwe kumtafuta mtoto wao, si mara moja. Msitu ulikuwa umelifunga bonde zima. Walipenya na panga, wakafukuzwa na nyati, wakaumwa na mbung'o, na kila mara walikuta minyaa iliyorefuka kupita nyumba. Lakini minyaa ya nani? Kila mtu aliyehama aliacha ua. Ukiwa chini, ndani ya miiba, ua mmoja ni sawa na mwingine, na huwezi hata kujua kama umesimama ndani ya boma au nje. Mwishowe macho ya Fanuel yaliharibika, wakaacha kwenda.

Sasa, mwezi uleule wa ndege, ilikuja habari kwamba serikali italisafisha bonde ili kuwamaliza mbung'o na kuwapa watu mashamba. Trekta kubwa za minyororo zingeingia mvua ikikatika, zing'oe kila kilichoota. Wanakijiji walishangilia. Phelesia alirudi nyumbani, akaketi karibu na mume wake, akalia. Trekta haijui kaburi la mtoto. Wakikosa kulipata kabla ya hapo, basi ndiyo imetoka hiyo, hawatalipata tena duniani.

Picha za ndege zililetwa kwenye baraza na kijana mmoja wa upimaji aliyeitwa Bichage. Alikuwa Mkuria wa kule mpakani, Kijaluo hakijui, kwa hiyo aliongea na watu kwa Kiswahili, na watu wakamjibu kwa Kiswahili chao. Alizipanga mezani, nyeusi na nyeupe, akaomba wazee waonyeshe njia na mito. Wanaume walijazana. Phelesia alipenya katikati yao kwa viwiko, akainama, akatafuta. Aliona ziwa. Aliona barabara nyembamba kama uzi. Hakuona mtu hata mmoja.

Alimwuliza Bichage yeye yuko wapi, maana siku ile alisimama vizuri kabisa, na viatu alivaa. Watu wakaangua kicheko. Bichage hakucheka. Labda na yeye alikuwa na mama yake nyumbani. Alimwuliza anaishi wapi, akafuata barabara kwa kidole, akafika kwenye kiduara kidogo chenye madoa ndani yake. Akamweleza kwamba kutoka juu vile mtu haonekani, kuku haonekani, ila boma linaonekana. Huo mviringo ni ua wake. Hayo madoa ni nyumba na ghala.

Phelesia aliinamisha kichwa. Wenzake walidhani ameona haya. Kumbe alikuwa anahesabu jambo lingine kichwani.

"Mwanangu," alisema, "na boma la zamani, ambalo watu walihama, linaonekana?"

Bichage alisema linaonekana ikiwa ua ulikuwa wa minyaa, kwa sababu minyaa haifi. Juu ya msitu inaonekana kama pete. Akamwambia kule Lambwe pete kama hizo zimejaa tele.

Basi Phelesia alimshika mkono, mbele ya chifu na wazee wote, akamwomba amwonyeshe Lambwe. Bichage alitafuta kwenye bahasha zake. Alichagua picha mbili zinazofanana, akaziweka bega kwa bega, na juu yake akasimamisha kioo chake cha kazi, kitu chenye miguu mifupi na lenzi mbili, kama miwani iliyowekewa miguu. Akamwambia atazame kwa macho yote mawili, atulie, asipepese.

Mwanzoni aliona ukungu tu, akafikiri na yeye macho yamekwisha kama ya mumewe. Kisha picha zile mbili zikaungana ikawa moja, na miti ikasimama. Naam, ilisimama, ikanyanyuka kutoka kwenye karatasi ikamjia usoni, hata akarudi nyuma. Akainama tena. Bonde lilikuwa chini yake, na pete zilikuwa zimejaa, hapa moja, pale mbili, zote za mviringo, zote sawa. Aliusogeza uso polepole kufuata kijito alichokuwa akichota maji akiwa bibi arusi. Bichage alisogeza picha taratibu akimfuata. Pete, pete, pete nyingine.

Halafu akaiona moja isiyofanana na nyingine. Ilikuwa pete kubwa kama zote, lakini ubavuni mwake, kwa nje, ilikuwa imeshikwa na pete ndogo. Ndogo sana, imesimama wima, ina pengo upande mmoja.

Alitazama mpaka lenzi zikalowa. Bichage aliuliza kwa heshima kama ameona kitu, na hiyo pete ndogo ni ya nini, maana hata ofisini walibishana, wengine wakasema ni zizi la ndama.

"Si zizi," Phelesia alisema. "Ni la mtoto wangu. Alilijenga mwenyewe."

"Anaitwa nani?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo tangu ahamie huku. Alilitamka jina, kwanza kwa sauti ndogo, halafu tena ili kijana asikie vizuri.

Bichage alichukua penseli nyekundu akazizungushia pete zote mbili. Kisha akasema, kwa wema wa mgeni asiyejua kinachokwepwa, "Basi, Mama Rispa, trekta hazitapita hapa." Na Phelesia akaitika.

Alikwenda nyumbani karibu akikimbia, mwanamke wa umri wake. Fanuel hakumwamini. Alidhani ni huzuni inasema. Basi Phelesia alichukua mkono wake, akaufungua kiganja, akachora kwa kidole: duara kubwa, na ubavuni duara dogo, na akaacha pengo la lango. Akarudia. Mara ya tatu Fanuel aliufunga mkono juu ya kile kidole, akakishika hapohapo. Machozi yalimtoka yule mzee kimyakimya. Alisema tu kwamba ni vizuri hakuving'oa.

Trekta zilifanya kazi kiangazi chote, na Bichage alitimiza neno lake. Bonde lilipokwisha kunyolewa, alikuja na Landrova akawachukua wote wawili. Hapakuwa na nyati, hapakuwa na miiba. Kwenye uwanda mtupu palikuwa pamesimama minyaa peke yake, mikubwa kama nyumba, pete kubwa na pete ndogo. Ndani ya ile kubwa walipata mafiga ya jiko la Phelesia, na kando yake mawe waliyoyapanga wenyewe siku ile. Waliketi hapo muda mrefu. Kisha Fanuel aliomba aongozwe mpaka kwenye boma dogo. Langoni alisimama, akabisha hodi, halafu ndipo akaingia. Alishika shina moja, halihesabiki tena kuwa kijiti, mikono miwili haikulizunguka. Phelesia alimgombeza asije akajipaka utomvu machoni. Alimjibu kwamba hayo macho yana nini tena cha kuharibika, na wakacheka, kwa mara ya kwanza mahali pale tangu ujana wao.

Mwaka uliofuata ndege ilirudi kulipiga bonde picha upya, kuonyesha kazi iliyofanyika. Phelesia alikuwa ameshamwomba Bichage amletee habari mapema. Siku yenyewe waliamka kabla ya wengine, wakapanda lori la pamba mpaka njia panda, na safari iliyobaki wakatembea kwa miguu yao, yeye mbele, Fanuel nyuma ameshika ncha ya fimbo. Walipofika ndani ya boma la Rispa, Phelesia alifungua kifurushi, akavaa gauni la buluu lenye kola nyeupe. Alimvisha mumewe koti na kumfunga kitufe cha juu.

Ngurumo ikasikika upande wa ziwa. Fanuel alimuuliza kama amevaa viatu. Alikuwa amevaa. Fanuel akamkumbusha, bila kejeli safari hii, kwamba kijana alisema mtu haonekani kutoka kule juu.

"Najua," Phelesia alisema. "Boma linaonekana."

Alimshika kidevu kwa vidole viwili, akaugeuza uso wake kuelekea sauti ilikotoka, akamnyoosha kola.

"Tulia hivyo hivyo, Baba Rispa," alimwambia. "Tunapigwa wote watatu."