Msumari Niliouchora

Nilimwona akianguka kwenda juu.

Kioo kilikuwa kimelazwa sakafuni, mimi nimepiga magoti kando yake, na ndani yake dari ya kanisa ilikuwa chini kabisa, kama maji ya kisima. Mwenzangu alikuwa huko ndani, mdogo, amesimama juu ya mbao za skafodi, zile mafundi wanapandia, na brashi mkononi. Nikamwambia, "Rudi hatua moja, upande wa mlango." Akarudi. Halafu nikaona mgongo wake unakua. Ulikuwa unakuja kwangu kutoka ndani ya kisima, mkubwa, mkubwa zaidi, na kwa ule muda mfupi akili yangu haikusema mtu anaanguka. Ilisema anapanda. Sikusogea hata kidogo. Alitua juu ya kioo, na kipande cha kioo kikaingia kwenye jicho langu la kushoto.

Yeye alikufa hapo hapo. Mimi nikabaki. Na karatasi ambayo kamati ya ujenzi iliandika inasema marehemu alikufa kwa uzembe wake mwenyewe. Mimi niliishia darasa la tano, lakini hiyo sentensi naijua kusoma. Watoto wake pia wameisoma.

Sasa wacha nirudi nyuma, maana watu wengi walisikia mwisho peke yake.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwenye kanisa moja la Imenti Kusini, si mbali na Kanyakine. Sisi wawili tulikuwa wachoraji wa maduka. Yeye alikuwa mtu wa Embu, amenizidi kama miaka kumi, na alikuwa ananiita murata, rafiki, hata akiwa amenikasirikia. Ukiona nyama ya mbuzi kwenye ukuta wa bucha na mate yakakutoka, huo ulikuwa mkono wake. Padre wa hapo, mzee mgeni kutoka Italia, aliona hiyo nyama akatuita.

Alitufungulia kitabu kikubwa cha picha za zamani za kwao Ulaya, za miaka mia tatu, mia tano na kitu. Kulikuwa na picha ya chumba, na nyuma kabisa kioo kidogo cha mviringo, na ndani ya kioo watu wamesimama mlangoni, watu ambao chumbani hawamo. Mwenzangu aligeuza ukurasa aone kama wako upande wa pili. Padre akacheka mpaka akakohoa. Kisha akatuonyesha picha ya dari, ya kanisa moja la kwao. Kanisa lile halikuwa na kuba, yaani lile paa la mviringo kama chungu kilichopinduliwa. Dari ilikuwa bapa kama meza. Mchoraji alilichora kuba lenyewe kwa rangi, na nguzo, na madirisha, na mwanga unaingia, na watu wa kule wakainua macho wakaamini.

"Mnaweza?" padre akauliza.

"Dari ni ukuta umelala," mwenzangu akasema. "Tutaweza."

Siri ya hiyo kazi ni moja. Mistari yote inachorwa kwa jicho la mtu aliyesimama mahali pamoja tu. Hapo kuba linapanda. Sogea hatua nne, linainama kama nyumba inayotaka kuanguka. Padre aliweka kigae chekundu sakafuni, karibu na mlango, kuonyesha mahali penyewe. Alitufundisha pia kufunga jicho moja, kwa sababu jicho moja linadanganywa vizuri kuliko mawili. Na kwa vile huwezi kuchora dari na kuiona kwa wakati mmoja, tulilaza kioo cha kabati lake sakafuni. Mmoja anapaka juu, mwingine anaangalia kioo na kuelekeza. Kwa kioo hatukusema kushoto wala kulia, maana kioo kinageuza. Tulisema upande wa mlango, upande wa altare. Hilo hatukukosea hata siku moja.

Padre akaenda kwao likizo. Ndipo mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akawa mkubwa wa kila kitu. Huyo mzee mwenye fimbo mnamjua nyote, wengi wenu mmenunua mabati kwake. Aliingia, akasimama kwenye kigae, akatazama juu. Kisha akaenda kwenye kiti chake cha mbele.

"Nikikaa hapa linainama," akasema.

"Mzee, ni la kuonekana kutoka mlangoni," mwenzangu akamwambia. "Padre alisema mlango ni wa kila mtu."

"Na mimi ni nani? Ni kila mtu?"

Mwenzangu akamjibu, "Basi mzee, siku ya misa tutakubebea kiti mpaka mlangoni."

Akina mama waliokuwa wanafagia wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Tangu siku hiyo hakutusalimia.

Alitaka pia dari ya pembeni iwe na boriti za mbao nzito, lakini za rangi, zichorwe juu ya bodi laini za silingi, zile unavunja kwa mikono. Akasema tuanze na mfano mmoja. Nilichora mimi. Bodi moja, upana wa mbao ya skafodi, na mishipa ya mti, na macho ya matawi, na vumbi. Mwenzangu alinisimamia nyuma. "Weka vichwa vya misumari," akasema. "Na mmoja uupinde, murata. Mtu akiona kosa anaamini." Nikachora msumari uliopinda.

Seremala aliyekuwa anatengeneza jukwaa la askofu, maana askofu alikuwa anakuja kubariki kanisa, alikuja akaigonga kwa vidole. "Aii," akasema, "hii ungeniuzia na ningeshukuru." Tukacheka sote watatu. Bodi tukaiegemeza kwenye mlango wa sakristia, chumba padre anamovalia.

Ijumaa, siku mbili kabla ya askofu kuja, tulishuka mchana kwenda kula githeri kwa mama mmoja hapo nje. Hatukukaa sana. Tuliporudi, mwenyekiti na seremala walikuwa wanatoka. Seremala alipita bila kutuangalia, na huyo ni mtu wa maneno mengi. Sikuuliza. Hilo ni langu, nimelibeba.

Mwenzangu akapanda. Alikagua mbao kama kawaida yake, nilimwona akiinama. Aliona mbao sita, na mojawapo ilikuwa na msumari uliopinda.

Mengine nimeshayasema.

Kabla damu haijanifunika macho yote mawili, niliona bodi imevunjika katikati, na ule msumari wangu uko kwenye kipande cha karibu. Nilijua wakati huo huo. Na Jumatatu ndugu yangu, ambaye nilimtuma kutoka hospitali ya Meru, aliinua zulia la jukwaa la askofu. Chini ya kiti kulikuwa na mbao moja yenye matone ya rangi ya buluu, buluu ya anga ya kuba letu. Ndiyo mbao iliyotolewa.

Mwenyekiti aliwaambia watu, "Hao walijidanganya kwa rangi yao wenyewe." Wakatikisa vichwa. Ni maneno matamu, yanakaa mdomoni. Padre aliporudi aliambiwa hivyo hivyo, akalia, akaamini.

Seremala nilimpata miaka mingi baadaye sokoni Gakoromone, anachagua ndizi. Nilisimama mbele yake nikangoja.

"Niliambiwa nitoe mbao moja, ilikuwa inapungua kwa jukwaa," akasema. "Nikasema, na pengo? Mzee akanionyesha ile bodi kwa fimbo. Akasema, 'Weka hiyo hapo, wasianze kelele zao.'"

"Na wewe ulijua ni bodi. Uliigonga."

"Nilijua."

Akaacha ndizi hapo, akaenda.

Nina jicho moja. Nikisimama kwenye kigae chekundu, kuba linapanda kwangu kuliko kwa mtu yeyote katika parokia ile, kwa sababu silazimiki kufunga lingine. Ni kazi nzuri. Naliangalia, halafu natoka nje.

Sasa nasikia wanataka kuweka jiwe ukutani, chini ya kuba, lenye jina la mwenyekiti, kwamba ndiye aliyelijenga hilo kuba. Amezeeka, wanasema, aheshimiwe angali hai. Jina la mwenzangu halimo. Litawekwaje, na karatasi inasema alikufa kwa uzembe wake?

Seremala, yale uliyoniambia sokoni yaseme mbele ya kanisa. Na wewe mwenyekiti, kabla hilo jiwe halijapakwa simiti, simama kwenye kigae, mahali pa kila mtu. Mjane wake bado yuko hai, huko Embu, na nitamleta mimi mwenyewe. Sitaki uniombe radhi. Mwambie yeye, kwa mdomo wako: ulionyesha ile bodi kwa fimbo, au hukuonyesha?