Maji Yaliyokunywa Jua

Harufu ya rangi nyeusi ya mafuta ikipata jua hunirudisha Lugari, kwenye nyumba ya vioo aliyoiacha mzungu mmoja shamba lake lilipogawiwa watu baada ya uhuru. Nyumba hiyo iliangukia sehemu yetu. Ndani, kandokando ya ukuta wake, yalisimama mapipa tisa meusi, yamejaa maji, wala hakuna aliyeyachota.

Mama alikuwa amefanya kazi humo akimwagilia miche ya yule mzungu, kwa hiyo alijua mapipa yalikuwa ya nini. Mchana yalipokea joto, usiku yakalitoa polepole, na baridi ya Julai iliyounguza mboga za majirani haikugusa nyanya zake changa.

Baba alikuwa amefariki, na kaka yake ndiye aliyejifanya mwenye boma. Baba mkubwa alikuwa tarishi wa ofisi moja Kakamega mjini. Alibeba bahasha za wenye akili miaka mingi hata akadhani akili hiyo imemwambukiza. Shambani alivaa tai. Siku moja ng'ombe aliitafuna, nami mpaka leo namshukuru ng'ombe yule.

Aliitaka nyumba ya vioo iwe ya kuku wake. Mama alikataa, kwa kuwa miche ilikuwa ndani. Basi alasiri moja alikuja na vijana wawili, eti kumsaidia.

"Hii maji ndiyo inaletanga baridi," alisema. "Tunamwaga, naweka jiko tatu za makaa. Miche ikikufa hata hivyo, kuku inaingia."

"Shemeji, hiyo maji mchana inakunywa jua," Mama alimwambia.

"Inakunywa jua! Na usiku inalewa?"

Vijana wakacheka. Akanigeukia mimi. "Wewe mwalimu, unayesoma. Maji ya pipa ni moto ama baridi?"

Nilijua yana joto, lakini wote walikuwa wananitazama. "Baridi," nikasema. Mama aliinamisha macho.

Mapipa manane yakamwagwa. La tisa, la pembeni kabisa, lilikuwa limeshikana na sakafu kwa kutu, wakachoka nalo wakaliacha.

Asubuhi makaa yalikuwa majivu. Miche ilikuwa imelala, imenywea kama mboga iliyochemshwa. Iliyosimama ni ile tu ya sanduku lililoegemea pipa la tisa. Baba mkubwa alilisogelea, akaweka kiganja juu ya pipa, akakiondoa upesi kama mtu aliyeshika kitu cha wenyewe. Kisha akatazama huku na huku ajue nani amemwona. Mimi nilimwona.

"Hii ilikuwa karibu na jiko," alisema. Jiko la karibu lilikuwa mlangoni, hatua kumi kutoka pale. Akaniinamia. "Si ndiyo, mwalimu?"

"Ndiyo, baba mkubwa."

Kuku waliingia Jumamosi.

Kwa miaka mingi nilimdharau kwa ujinga wake, na dharau hiyo ilikuwa nyepesi kubeba. Nimechelewa kuelewa kwamba asubuhi ile hakuwa mjinga hata kidogo. Mtu anayeamini anachosema haombi mtoto amuunge mkono. Aliniuliza kwa sababu kiganja chake kilikuwa kimeshajua joto la pipa, naye alikuwa amenipima vizuri: alijua ni nani kati yetu angekubali.