Siku Shangazi Alipokwenda Kupimwa Gauni

Nianze na gauni, maana ndilo lililoleta mambo yote haya. Miaka ile ya hamsini, kwetu Kariakoo, mwanamke hakupimwa na fundi. Ulichukua gauni lako la zamani ukalikunja ndani ya kanga, ukampelekea, naye akapima gauni, si wewe. Kama umenenepa unamwambia, "Fundi, ongeza vidole viwili kiunoni," basi, kwa heri. Mafundi walijaa kwenye baraza za maduka kuanzia sokoni mpaka Gerezani, cherehani zinalia kutwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haja ya kukugusa.

Akaja huyu wetu. Alipanga baraza ya duka la vitambaa pale Mtaa wa Sikukuu, nyumba ya nne kutoka kwetu, akatundika pazia la maua pembeni na futi shingoni. Yeye, alisema, hashoni kwa kukisia. Yeye anapima kizungu: bega, kifua, kiuno, urefu, na kila kitu kinaandikwa kwenye daftari. Loo! Mama zetu wakapata kichwa. Ikawa ndiyo fahari ya mtaa: "Wangu kapimwa." "Na wangu kapimwa mara mbili." Majigambo yale nikiyakumbuka leo hayanichekeshi, lakini siwalaumu sana. Walitaka watoto wao wapendeze Iddi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nimeshaposwa. Mama akanipeleka kupimwa gauni la Iddi Kubwa. Yeye akakaa kwenye benchi barazani anazungumza na wenzake, mimi nikaingia nyuma ya pazia. Ya kule ndani sitayasimulia kwa urefu, si kwa aibu, aibu si yangu, ila sitaki kumpa nafasi kubwa kwenye hadithi yangu. Mkono wake ulikwenda ambako futi haina kazi. Nilipofungua kinywa akaniambia taratibu, huku anaandika, "Piga kelele. Aliyekuposa atafurahi kusikia." Kisha akavuta pazia, akamwambia mama kwa adabu zote, "Mama, binti ana mwili mzuri wa kushonea." Mama akatabasamu.

Jioni ile tulikuwa jikoni tunachambua mchele, nikamwambia. Sikumaliza. Alinizaba kofi, mchele ukamwagika.

"Unataka posa ivunjike? Mtu anaswali swala tano, wewe unamzushia! Watu wakisikia, nani atakuoa? Nani atamwoa mdogo wako?"

Halafu akainama akaanza kuokota mchele, punje moja moja, hakuniangalia tena. Na kabla hatujala akasema kitambaa cha mdogo wangu kimeshapatikana, naye atapelekwa kwa fundi yule yule Jumamosi ya kabla ya Iddi. Roho ikanipaa. Langu lilikwishatokea. La mdogo wangu lilikuwa halijatokea, zimebaki wiki mbili, na mtu pekee aliyeweza kulizuia alikuwa amenipiga kofi.

Sasa, mara moja kwa wiki sinema ya mjini ilikuwa na onyesho la wanawake peke yao, saa nane mchana. Tulikuwa tunatoka Kariakoo kundi zima la mabuibui, tunakata Mnazi Mmoja, karanga mkononi, kelele mpaka mlangoni. Kiongozi wetu alikuwa shangazi yangu, dada yake baba. Mfupi, mwembamba, ukimwona kwa nyuma utadhani mwari, lakini ulimi wake, Mungu anihifadhi! Aliachika mara mbili, na mara zote mbili alidai yeye ndiye aliyeacha. Mstari wa mbele yetu alikaa mama wa Kihindi, mwenye lile duka la vitambaa alikopanga fundi. Picha zilikuwa za Kihindi, na yeye ndiye aliyekuwa anatutafsiria kwa sauti, mdomo umejaa karanga zetu.

Picha ya wiki ile ilikuwa nzito. Mwanamke mmoja wa kijijini alidhulumiwa utu wake na tajiri mwenye kinu cha kusagia unga. Akaenda kwa wazee, wazee wakamfukuza. Akaenda kwa ndugu, ndugu wakamwambia anyamaze. Basi akapotea, na aliporudi amejifunika ushungi wa bibi harusi, hakuna anayemjua, akaingia mpaka chumbani kwa yule tajiri. Tajiri akanyoosha mkono. Yule mwanamke akaudaka, na kwa mkono wa pili akafunua uso wake.

Sinema nzima ilisimama. Wanawake wakawa wanapiga kelele: "Mshike! Usimwachie!" Mama wa Kihindi aliacha kutafsiri, naye anapiga kelele zake kwa Kihindi. Na mimi nikajikuta nimepanda juu ya kiti, sauti imenitoka yote: "Muue! Muue huyo fundi mwanaharamu!"

Akamuua kweli, kwa kisu. Wakaja polisi wakamfunga pingu yule mwanamke, wakaondoka naye. Tukatoka nje tunalia.

Tulipofika Mnazi Mmoja, shangazi akanivuta buibui, akawaacha wenzetu watangulie.

"Fundi katoka wapi?" akaniuliza.

"Fundi gani, shangazi?"

"Usinifanye mtoto. Yule mwenye kinu. Umemwita fundi."

Nikamwambia. Safari hii nilimaliza. Shangazi hakusema "masikini," hakusema "nyamaza." Aliniuliza jambo moja tu: "Mkono gani?"

"Wa kulia."

Akatikisa kichwa, akakaza buibui lake, tukaendelea na safari. Karibu na nyumbani akasema, "Yule mwanamke kwenye picha kila kitu alifanya sawa, kasoro kisu. Sasa yeye yuko jela, na yule mshenzi watu wanamlilia. Mkono alikwishaushika, alikuwa anatafuta nini tena? Mimi jela siendi. Iddi naila nyumbani kwangu."

Wiki iliyofuata shangazi aliazima chekeche nyumba saba. Yeye alikuwa na chekeche mbili zake mwenyewe. Aliingia kila uani palipokuwa na msichana aliyepimwa na fundi, akakaa, akasifu gauni, akaangalia uso wa msichana anapolisifu. Kufika Alhamisi alikuwa amepata watatu wengine. Mmoja alikuwa amelifungia gauni lake sandukuni, hataki hata kuliona. Wote walidhani wako peke yao, kama mimi. Shangazi akatuambia Jumamosi asubuhi tuje tukae kwenye benchi la fundi, na mama zetu kama wanakuja, nyuso tufunike, midomo tufunge.

"Na mama?" nikamuuliza.

"Wifi yangu niachie mimi," akasema. "Ataona kwa macho yake."

Jumamosi mama alimwita mdogo wangu avae buibui waende. Mdogo wangu akakimbilia uani, chumbani kwa shangazi, kuvaa. Aliyetoka na buibui la mdogo wangu, na viatu vya mdogo wangu, alikuwa shangazi. Kimo chao kilikuwa kimoja. Mikono ameipaka hina mpaka kwenye viwiko kuficha mikunjo, uso ameufunika amebakiza macho, na macho yenyewe ameyainamisha chini. Wallahi, mama alitembea naye nyumba nne nzima, anamhutubia, "Usimame wima, usimsumbue fundi," na shangazi anaitikia kwa kichwa. Mdogo wangu alibaki chumbani kwa shangazi na sahani ya vitumbua. Mimi nilikuwa nimeshafika benchini, nimebana meno nisicheke.

Fundi alikuwa na furaha siku hiyo, wateja wamejaa. "Karibu, binti," akamwambia shangazi, akashusha pazia nyuma yao.

Tukasikia: "Bega." Kalamu ikaandika. Tukasikia: "Mkono." Ikaandika. Kisha kalamu ikaacha kuandika. Sokoni kelele zinaendelea, mwuza kahawa anagonga vikombe vyake, na sisi kwenye benchi tumeshikana mikono. Nikasikia fundi ananong'ona, maneno siyapati, lakini mlio wake niliujua.

Halafu ikaja sauti ya shangazi, na nadhani Kivukoni waliisikia: "NIMEKUSHIKA!"

Nililivuta pazia mimi mwenyewe. Lilikuja pamoja na ufito wake na kipande cha udongo wa ukuta. Fundi alikuwa amesimama wima, jasho linamtoka, mkono wa kulia umezama ndani ya buibui, na shangazi ameufunga kwenye kifundo chake kwa futi ya fundi mwenyewe, mizunguko mitatu, anaikaza kwa mikono miwili. Kisha akafunua uso.

"Haya, andika!" akamwambia. "Miaka hamsini na miwili, wajukuu watatu! Andika kwenye daftari lako!"

Mama, pale alipokuwa, akatamka jina la mdogo wangu, akamwona wifi yake, akaduwaa.

Watu wakaanza kujaa. Wapagazi wakatua magunia, wauza mboga wakaacha mafungu yao.

"Nilikuwa napima, bibi," fundi akasema.

"Unapima nini humo? Watajie watu kipimo chake!"

"Ni uongo! Hawa wasichana wote ni waongo, wametumwa!"

Shangazi akatabasamu, meno yote nje. "Ala! Nani kataja wasichana? Mimi mtu mzima nimekushika mkono wako hapa. Wasichana wamekujaje?"

Fundi akavuta mkono, futi ikazidi kukaza. Ndipo nikajua ni zamu yangu, na hakuna aliyeniambia. Nilifunua uso. Nilimwona mpagazi anayemjua mchumba wangu, nikamwona mwuza nazi anayemjua mama mkwe. Nikasema, "Mimi. Nyuma ya pazia hili hili." Pembeni yangu mwingine akafunua uso: "Na mimi." Kisha, "Na mimi." Yule wa gauni la sandukuni alikuwa wa mwisho, na yeye ndiye aliyesema kwa nguvu kupita sisi sote.

Mama akasimama. Alivua mtalawanda wake, kiatu cha mti kizito, akamwendea fundi, akampiga nao mara moja begani. Kisha akawageukia watu, na kiatu chake mkononi, mguu mmoja peku.

"Mwanangu aliniambia," akasema. "Aliniambia mimi mama yake, nikampiga yeye."

Nililia pale, mbele ya soko zima, na yalikuwa machozi ya raha.

Vijana wakataka kumshushia fundi kipigo. Shangazi akawafokea: "Thubutu! Hakuna kumgusa! Mkimpiga, kesho mtamhurumia. Nataka atembee." Mama wa Kihindi alikuwa amekwishatoka dukani, amekunja uso, ameshika daftari la vipimo. Hakumpigia kelele. Alimwambia, "Cherehani yako toa. Baraza yangu leo basi." Akaiinua ile cherehani mwenyewe na mtumishi wake, wakaiweka mchangani, akarudi ndani.

Tukampeleka kwa liwali. Shangazi mbele, ameshika futi, fundi nyuma amefungwa mkono na hiyo futi, sisi wanne tukifuata nyuso wazi, na nyuma yetu sijui watu wangapi, vigelegele mtindo mmoja. Wanawake walitoka majumbani na miko mikononi kuuliza kuna harusi ya nani. "Hii si harusi," shangazi akawajibu, "tunamrudishia fundi kipimo chake!" Mbele ya liwali tulisema mmoja mmoja. Mama alisema pia, na lile kofi hakulificha. Fundi alifungwa, na alipotoka hakuonekana tena Kariakoo. Safari hii aliyekwenda jela ni mwenye kustahili.

Jumatatu mama mkwe wangu akabisha hodi. Mama alimtandikia mkeka, moyoni anajua posa inarudishwa. Yule bibi hakukaa hata kwenye mkeka.

"Nataka kumwona," akasema. "Yule aliyesema wa kwanza."

Nikatoka, nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, akaniangalia tangu juu mpaka chini. "Basi huyu ndiye tunamtaka kwetu," akasema, akaenda zake. Loo, nyumbani kwetu siku ile palipigwa vigelegele mpaka kuku wakakimbia uani.

Lakini nilikuwa sina gauni la Iddi, na wala sikuwa nataka fundi yeyote. Siku mbili kabla ya sikukuu mama akaingia chumbani na kitambaa changu, alichokirudisha kutoka kwa fundi kikiwa hakijakatwa, mkasi, na ile futi, shangazi alikuwa amempa. Mama hakuwa mshonaji. Alijua kubandika kiraka na kushona kifungo, basi. Akasimama mlangoni.

"Nataka nikushonee mwenyewe," akasema. "Nikupime? Kama hutaki, mwanangu, niambie, nitakisia kwa macho."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikainua mikono.

Alishona kwa sindano ya mkono siku mbili mfululizo. Shingo ilikwenda upande, na mkono wa kulia ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto kwa vidole vitatu. Nikalivaa hivyo hivyo, nikaenda Mnazi Mmoja kwenye sikukuu na mdogo wangu na wenzangu watatu, na yule wa sandukuni alikuwa amelitoa gauni lake akalipasua likawa leso, ametugawia. Msichana mmoja wa mitaa ya Ilala akaniangalia mkono, akacheka.

"Shoga, hilo kakushonea fundi gani?"

Nikaukunjua ule mkono mrefu mpaka ukafunika vidole, auone vizuri.

"Mama yangu," nikamwambia.