Tulipopanua Madigadi ya Nyuma

Mume wangu alirudi kutoka vitani Burma akiwa mzima wa mwili, na majirani wa Nshambya walikuja kutupongeza. Hakukatwa mguu, hakupofuka. Kilichonisumbua mimi ni ukimya wake. Jioni alitoka gereji, akanawa mikono kwa sabuni na mchanga, akala, kisha akakaa barazani kutazama barabara mpaka nimwite alale. Nikimwuliza habari za vita alisema, "Kulikuwa na mvua nyingi." Basi.

Kulikuwa na kisa kimoja tu alichopenda kukisimulia. Katika kambi moja walikokuwa wakitengeneza malori palikuwa na uwanja wa ndege, na siku za mapumziko askari wa Kiamerika walikuwa wakishindanisha magari yao hapo. Hawakuzunguka popote. Magari mawili yalisimama sambamba, mtu akaangusha kitambaa, yakatoka mbio kwenye mstari ulionyooka hadi mwisho wa uwanja. Anayefika kwanza ameshinda. "Hakuna kona, hakuna ujanja," alikuwa akisema. "Ni gari kwa gari." Akisimulia hayo mikono yake ilicheza, na mimi nilimwacha arudie hata kama nimeshakisikia mara nyingi.

Sisi wenyewe tulikuwa na gari. Alilinunua likiwa bovu kwa mfanyabiashara aliyekuwa akihama Bukoba, akalitengeneza kidogo kidogo katika banda la mabati alilojenga Rwamishenye. Lilikuwa jeusi, na kiti chake cha nyuma kilikuwa kirefu kama kitanda. Mimi ni mshonaji. Kiti kile nilikivisha kitambaa cha kaki kwa cherehani yangu. Tulilikodisha kwa watu. Lilibeba mabibi harusi, lilibeba wanawake wenye uchungu wa kuzaa, lilileta wagonjwa kutoka Kanazi. Na kila tulipoweza lilitupeleka Muleba kwa mama yangu. Baba yangu, mtu wa pwani aliyekuja Bukoba na biashara ya nguo, alikuwa amekwisha kufariki, na mama alirudi kuishi kwenye kibanja cha kwao, kati ya migomba na kahawa. Hatukuondoka kwake mikono mitupu. Nyuma tulijaza bitoke, zile ndizi za kupika, hadi harufu yake ikakaa ndani ya kitambaa.

Mambo yaliharibika kwenye harusi moja Kanazi. Tulikuwa tumempeleka bibi harusi. Mtoto wa mnunuzi mmoja wa kahawa, kijana aliyekuwa na gari jipya la rangi ya maziwa, alimsogelea mume wangu mbele ya watu na kulipiga gari letu kofi la mlangoni, kama mtu anavyompiga ng'ombe.

"Mzee," alimwambia, ingawa walikaribiana umri, "hili ni la wagonjwa na maharusi. Lisubirie hospitalini. Barabarani litakuja kugongwa."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walikuwa wamekunywa. Mume wangu naye alitabasamu. Lakini wakati wa kurudi, tulipofika kwenye kipande cha barabara kilichonyooka baada ya Kanazi alisimamisha gari, akashuka, akaitazama ile barabara mbele na nyuma.

Kabla ya mvua za vuli alikuwa amekwisha kuweka injini ya lori la jeshi lililotupwa. Sasa nguvu alikuwa nayo, ila haikumfaa kitu. Akikanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yalizunguka bure juu ya changarawe na gari likabaki pale pale likipiga kelele. Alihitaji tairi pana za kukamata ardhi. Akazipata mbili za lori, zimeisha meno, akapasua rimu zake na kuziunganisha upya ziwe pana. Alipozijaribu hazikuingia. Upande wa ndani ziligusa bati, upande wa nje ziligusa madigadi, yale mabati ya kufunika magurudumu.

Akaja nyumbani mchana, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akasimama karibu na cherehani yangu.

"Mke wangu, mtu akikuletea gauni linalombana kiunoni, na hutaki kuharibu mabega wala pindo, unafanyaje?"

"Nalipasua ubavuni, naongeza kipande."

"Kipande kinakaa sawa hata kama pale pana mviringo?"

"Kikikatwa kwa kipimo chake kinakaa."

"Basi chukua makasi na karatasi zako. Twende."

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi ya gari. Alikuwa amelipandisha juu ya magogo na kuvua magurudumu ya nyuma. Niliingia chini kwa kanga yangu ya zamani, nikabandika karatasi za mifuko ya sukari ndani ya ule uvungu linapokaa gurudumu, nikaupima mviringo wake kwa utepe na kuuchora kwa chaki. Kisha nikaikata karatasi katikati, nikazivuta pande mbili zitengane upana wa kiganja, nikachora kipande cha kuziba nafasi. Aliiweka karatasi juu ya bati la pipa, akafuata mstari wangu kwa tindo. Alipolipasua bati la gari na kulisogeza ndani, kipande chetu kilikaa. Alikichomelea kwa gesi aliyoazima gereji, nami nikageuza uso nisitazame moto.

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu arudi. Akanishika bega kwa mkono wenye masizi, akasema, "Wewe ungekuwa fundi." Nakumbuka nilivyofurahi. Nakumbuka pia kwamba wakati ule ule nilitazama ndani ya gari na moyo wangu ukaingia baridi. Ule uvungu uliopanuliwa ulikuwa umeingia katikati ya gari kutoka pande zote mbili, kama matumbo mawili ya bati. Springi nazo alizisogeza ndani. Kiti changu cha kaki kilikuwa nje, kimeegemezwa kwenye mgomba.

"Watu watakaa wapi?" nikamwuliza.

"Mbele pana nafasi ya mmoja."

"Na wagonjwa?"

"Magari mengine yapo," alisema, akarudi chini ya gari.

Magari mengine hayakuwapo, si kwa watu wetu. Alijua. Wiki zile walikuja kubisha hodi, na mimi ndiye niliyewaambia kwamba gari liko kwenye matengenezo. Mwanamke mmoja aliniangalia kwa muda mrefu, akaondoka na mgonjwa wake juu ya baiskeli.

Yeye na yule kijana wa gari jeupe walishindana alasiri ya Jumapili, pale pale Kanazi. Watu walijaa pande zote mbili, wengine wametoka kanisani na nguo zao nzuri. Mimi nilisimama mbali na wanawake wenzangu. Mtu akaangusha shati. Gari jeupe lilitangulia, kisha nikaliona letu likikaa chini upande wa nyuma, zile tairi pana zikang'ata changarawe na kuirusha nyuma kama maji, likalipita. Shindano lilikwisha kabla sijavuta pumzi vizuri. Vijana wakambeba mume wangu begani. Yule mtoto wa mnunuzi wa kahawa alimpa mkono, akasema, "Tutarudia."

"Hata kesho," mume wangu akajibu.

Mvua zikaanza. Zilipokolea, alikuja mtu kwa baiskeli kutoka Muleba, amelowa mpaka mfupa. Mama alikuwa na kichomi. Hali chakula, anaweweseka, na kaka yake anasema aletwe hospitali mjini.

Tukaondoka mara moja. Nilichukua godoro letu na blanketi. Njiani ndipo nilipoelewa kwamba tairi zile, zilizokuwa mfalme kwenye changarawe kavu, hazina lolote kwenye udongo mwekundu uliolowa. Hazikuzama zikapata pa kukanyaga. Zilielea. Kila mlima gari lilienda upande kama kaa, na mume wangu alipigana na usukani akiwa ameuma midomo. Nilikuwa na maneno mengi, nikayameza kwa kuwa nilimhitaji afike.

Tulimkuta mama juu ya majani makavu yaliyotandikwa sakafuni, karibu na moto, mdogo kuliko nilivyomwacha. Tulilaza godoro nyuma ya gari, lakini halikutandazika. Lilikunjana katikati ya yale matumbo ya bati. Mjomba na mimi tukamwingiza humo kama mtu anayewekwa ndani ya mtumbwi. Akafungua macho, akapapasa bati.

"Mwana wange," akaniuliza, "kiti kiko wapi?"

"Kinatengenezwa, mama."

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisikia.

Karibu na Kanazi, kwenye mteremko, gari lilituponyoka. Halikwenda kasi, liligeuka polepole, nyuma ikataka kuwa mbele, likaingia mtaroni na kulala ubavu kwenye ukingo. Mama alipiga kelele mara moja. Nilitambaa nyuma nikamkuta amebanwa kati ya bati na godoro, hajaumia, lakini anapumua kwa shida kama mtu anayevuta hewa kwa tundu la sindano. Mume wangu akakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka, matope yakaruka hadi kwenye migomba, gari likazidi kushuka. Alizima injini.

Hapakuwa na nyumba karibu wala mtu barabarani. Alishuka, akaja mlango wa nyuma, akasimama. Nilijua anachofikiri. Kwa desturi ya watu wa upande wa mama, mwanaume na mama mkwe wake hawagusani, hata mkono hawapeani. Miaka yote ile akimsalimia mama alikuwa akichuchumaa mbali, macho chini.

"Mama," alisema kwa neno la heshima la kwao, "nisamehe, waitu. Nitakubeba."

 Mama akafumba macho, akanyoosha mikono.

Nilimfunga mama mgongoni mwa mume wangu kwa blanketi na kanga mbili, kama mtoto. Akapanda mlima wa kuelekea Kanazi kwenye mvua, bila viatu ili vidole vipate kushika udongo. Mimi nilifuata nimebeba mwavuli ambao haukumfunika yeyote. Nilichoka, nikabaki nyuma kidogo, na mara kwa mara nilisikia kama anazungumza. Nilidhani anaomba. Juu, kwenye maduka ya Kanazi, tulipata lori la kahawa, na dereva wake akatupokea bila maswali. Mama alilala hospitali hadi mvua zilipopungua. Alipona, ingawa kifua chake hakikurudi kuwa kama zamani, na mlima ulimchosha maisha yake yote.

Nilitegemea mume wangu angerudisha kiti. Hakurudisha. Gari lilitolewa mtaroni kwa kamba na watu wengi, na kiangazi kilipofika alikwenda tena Kanazi kushindana na gari jeupe. Nilimwambia siendi kutazama. Alisema, "Sawa," bila ugomvi. Alishindwa siku ile, akashinda nyingine, kisha injini ikapasuka na hakupata nyingine. Kwa muda mrefu nilikuwa na hasira naye ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka. Nilimpikia, nikamfulia, nikashona, na tukilala niligeukia ukuta. Nadhani alijua. Hakuuliza.

Mama alipopata nguvu nilikwenda kukaa naye siku chache Muleba. Tulikuwa tukimenya bitoke. Nikaanza kumlaumu mume wangu, maneno yote niliyoyameza siku ile yakatoka. Mama aliniacha nimalize.

"Alipokuwa amenibeba alikuwa akilia," akasema.

"Kwa sababu ya gari?"

"Gari gani. Alinieleza habari za vita. Kuna mtu yeye alimbeba mgongoni hivyo hivyo, kwenye mvua."

"Mtu gani? Alikuambia nini?"

Akaosha kisu chake, akachukua ndizi nyingine. "Aliniambia mimi. Ukitaka, muulize mwenyewe."

Nilimwuliza. Nilichagua siku nzuri, amekula, ametulia. Alinitazama, akatazama barabara, akasema, "Mama yako alikuwa na homa. Alisikia vibaya."

Sikumwuliza tena. Lakini tangu mwaka ule alianza kwenda Muleba peke yake kwa baiskeli. Alimkatia mama majani makavu ya migomba, akamrekebishia paa, akampalilia kahawa. Mjomba aliniambia kwamba wakimaliza kazi hukaa mmoja huku na mwingine kule, kwa umbali wa heshima, wakitafuna punje za kahawa kama ilivyo desturi, na mara nyingine huongea kwa sauti ndogo mpaka jua linapoanza kushuka. Nilipaswa kushukuru. Nilishukuru. Ila nikiwa peke yangu na cherehani pale Nshambya, nikijua wamekaa hivyo, nilimwonea wivu mama yangu mwenyewe, na sikuwa na mtu wa kumwambia.