Mistari Miwili Iliyorukwa

Kwa miaka thelathini na moja alichapa maneno ya watu wengine, na alipostaafu akagundua hana hata mashine ya kuchapia ya kwake. Mtaani walimwita Mama Chapa. Wageni walidhani jina limetokana na ukali, kumbe ni kazi tu: alikuwa mchapaji wa mahakama, yule anayepokea mwandiko wa hakimu uliojikunja kama nguo iliyolaliwa na kuugeuza kurasa safi, ambazo kwazo mtu hufungwa au huachiwa.

Alikwenda kununua laptopu Jumanne asubuhi, duka likiwa bado halijapata wateja. Fundi mwenye duka aliuza kompyuta kuukuu zilizotoka maofisini. Kampuni ikibadilisha mashine au ikifunga milango, mzigo humfikia yeye ukiwa umefungwa kwa nailoni. Alizipanga rafuni wima kama vitabu, zote nyeusi, zote na doa la gundi pale kibandiko cha namba ya ofisi kilipobanduliwa.

"Karibu shangazi. Unataka ya kazi gani? Sinema, muziki, au mambo mazito?"

"Barua."

"Barua tu?"

"Barua moja."

Fundi akacheka mpaka akashika kaunta. "Shangazi, barua moja ndiyo ya kununulia laptopu nzima? Si uende pale kona wakuchapie, ubaki na hela yako?"

Pale kona Mama Chapa alishafika. Alikaa kwenye benchi akamsikia binti mchapaji akisoma kwa sauti barua ya talaka ya mtu, huku wateja watatu wakimsaidia kuchagua maneno. Akainuka kama aliyekumbuka sufuria iko motoni. Kalamu nayo ilimshinda. Mkono wake ulikuwa na tabia ya kupamba. Vidole ndivyo vilivyozoea kuandika kilichosemwa, kama kilivyosemwa.

"Basi chukua hii," fundi alisema. "Sura imechoka, ila moyo mzima. Mashine za ofisi hazimwagiwi uji. Bawaba za chuma, ona." Akaifungua na kuifunga mara tatu, kama anayejaribu mlango. "Betri inakaa saa mbili. Diski nimeiosha mwenyewe, haina hata unyayo wa mtu."

Mama Chapa akaweka vidole juu ya vitufe. Mchapaji wa zamani husoma vitufe kama mshona viatu anavyosoma soli. Herufi A ilikuwa imefutika, jambo la kawaida. Lakini kilicholika kuliko vyote kilikuwa kitufe cha kufutia. Katikati kilikuwa na kibonde laini, upana wa ncha ya kidole, wakati vitufe vya jirani vingali na ukali wake. Mtu alikaa mbele ya mashine hii miaka mingi, akiandika na kufuta, akiandika na kufuta.

"Aliyekuwa nayo alikuwa nani?"

"Nitajuaje, shangazi? Zilikuja arobaini. Labda kastaafu, labda kafukuzwa, labda hayupo tena duniani. Mimi napokea mashine, watu siwapokei."

Alinunua hiyohiyo.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, mshonaji wa sare za shule, mwanamke asiyeachia kitu kipite bila neno. "Dada, hii umenunua au umefukua?" aliuliza, feni ya mashine ilipoanza kuvuma. "Sikia inavyohema, kama marehemu babu akipanda ngazi. Haya, unamwandikia nani? Usiniambie kuna mzee wa watu anasubiri."

"Naandikia ofisi ya msajili wa mahakama."

"Pensheni tena!"

Mama Chapa akavuta kiti mezani, na mdogo wake akalichukua hilo kuwa ndiyo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Miaka kumi na tisa iliyopita duka moja lilivunjwa usiku, mlinzi akapigwa akapoteza jicho. Akakamatwa dobi aliyekuwa akifua nguo mtaa huo. Mwenye duka alitoa ushahidi, na hakimu akauandika kwa mkono: "Nilimwona mshtakiwa akitoka dukani. Hiyo ilikuwa mchana, alikuja kununua sabuni. Usiku ule sikumwona mtu yeyote dukani. Kulipokucha nilikuta kufuli limevunjwa."

Kuna kosa ambalo kila mchapaji analijua. Jicho hutoka kwenye karatasi, huenda kwenye mashine, kisha hurudi kutafuta neno lilipoishia. Likikuta neno hilohilo chini kidogo, hutua hapo, na kilicho katikati hupotea bila kuacha pengo. Ndivyo jicho la Mama Chapa lilivyoruka kutoka "dukani" ya kwanza hadi "dukani" ya pili. Ukurasa aliouchapa ulisema: "Nilimwona mshtakiwa akitoka dukani. Kulipokucha nilikuta kufuli limevunjwa."

Kwa ajili ya kosa hilo palikuwa na utaratibu: wachapaji wawili hukaa pamoja, mmoja anasoma mwandiko, mwenzake anafuata chapa kwa kidole, kisha wote wanatia sahihi. Siku ile mwenzake alikuwa msibani. Mama Chapa akasaini pote pawili. Hakimu aliyesikiliza kesi akahamishwa. Aliyeipokea hakumwona shahidi kwa macho, alisoma kurasa. Dobi akapewa miaka kumi na miwili.

Hayo angeweza kujisamehe. Kosa ni kosa. Lakini miaka saba baadaye, siku ya kuhamisha mafaili kwenda stoo mpya, alifungua jalada lile, na kwa mazoea tu akapitisha kidole kwenye mwandiko wa hakimu. Akaiona mistari miwili. Akaketi juu ya sanduku. Alipiga hesabu akajua kwamba yule mtu amebakiza miaka mitano. Kisha akarudisha karatasi, akafunga kamba, akaenda kula chakula cha mchana. Alikula akamaliza. Hilo ndilo lililomtisha kila alipolikumbuka, kwamba alimaliza na kuomba maji ya kunawa.

Dobi alipotoka alirudi mtaani, akasimamisha meza ya kupigia pasi chini ya mabati manne nyuma ya shule. Wengi hawakumpa nguo, maana nani anampa mwizi shati lake? Mama Chapa alimpa. Kila wiki, miaka saba, alimpelekea hata zisizohitaji pasi. Naye alizinyoosha kola kama za bibi harusi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mama, nguo zako hazinisumbui," alizoea kumwambia. "Mtu wa moyo safi hata jasho lake halina doa."

Mwezi uliopita alimsimulia, huku akicheka, kwamba hospitali ilikuwa inatafuta mtu wa kufua mashuka, akaenda, wakaangalia jina lake kwenye kumbukumbu, wakamrudisha mlangoni. Mama Chapa alirudi nyumbani na nguo zake zimenyooka, akashindwa kuzivaa.

Jumatano, mdogo wake alipokwenda kushona, Mama Chapa alifungua laptopu. Vidole vilikimbia. Jina lake, cheo chake, namba ya kesi, mistari miwili, sahihi mbili. Kisha akaandika: "Kosa hili nililigundua," na vidole vikasimama. Akaandika "hivi karibuni." Akafuta. Akaandika "nilipokuwa nikijiandaa kustaafu." Akafuta. Kila mara kidole kilizama katika kibonde kile, kikakaa sawasawa, kama mwili unaoingia kwenye godoro lililolaliwa na mwingine.

Alhamisi ikawa vilevile. Ijumaa aliacha dirisha wazi, watoto wa jirani wakipiga kelele nje, na bado akahisi kuna mtu aliyekaa kiti kile kabla yake na hajainuka. Hakumwogopa. Alichoogopa ni kwamba walielewana. Mtu yule alijua mahali hasa pa kurudi nyuma, na alimshika kidole akamwonyesha. Alikuwa na neno gani la kumwambia nani? Je, huyo nani bado anasubiri?

Jumatatu alikwenda jikoni akachukua kisu cha kupakia siagi, akakiingiza chini ya kitufe cha kufutia, akakibandua. Kiliruka hadi chini ya kabati. Akakiacha hukohuko. Enzi za mashine za chuma hakukuwa na kufuta. Ulichokosea kilibaki, ukakisahihisha mbele ya macho ya watu.

Akaandika: "Kosa hili nililigundua hivi karibuni." Akalitazama. Kisha akaendelea: "Hapana. Nimesema uongo. Niliona kosa hili miaka kumi na miwili iliyopita, mshtakiwa akiwa amebakiza miaka mitano gerezani. Nikanyamaza."

Jumanne asubuhi alimkuta dobi akipulizia makaa. Blauzi yake yeye ndiyo iliyokuwa mezani.

"Leo umekuja na ofisi kabisa, mama!" dobi alitania alipoiona laptopu.

"Nimekuja kukusomea kitu kabla sijakipeleka mahakamani. Usinikatishe, nikikatishwa sitamaliza."

Alisoma akiwa amesimama. Dobi aliendelea kupiga pasi, polepole, kisha polepole zaidi. Kwenye mistari miwili akatikisa kichwa. "Niliwaambia," alisema, si kwa hasira. "Niliwaambia nilifuata sabuni." Hata kwenye sahihi mbili mkono wake uliendelea kwenda. "Binadamu huchoka, mama. Msiba ni msiba."

Kisha Mama Chapa akasoma kilichobaki. Pasi ikasimama.

Harufu ya kitambaa kinachoungua iliwafikia wote wawili na hakuna aliyetikisika. Mwishowe dobi aliinua pasi, akaiweka kando. Alama ya kahawia, umbo la pasi kamili, ilikuwa kifuani mwa blauzi.

"Rudia hapo," alisema.

"Kwenye sabuni?"

"Kwenye mitano."

Akarudia.

"Mama yangu alikufa katika hiyo mitano," dobi alisema. "Mwaka wa tatu. Alikuwa akija kila mwezi kunitazama, akiniuliza swali lilelile moja, kama kweli niliiba. Nilikuwa nikimjibu, na yeye alikuwa akiniangalia mikono."

Mama Chapa aliifunga laptopu.

Dobi akaikunja blauzi kwa uangalifu uleule wa siku zote, kola juu, alama ikiwa ndani. Safari hii hakumkabidhi. Aliiweka ukingoni mwa meza, akageukia makaa.

"Barua ipeleke," alisema akiwa amempa mgongo. "Ipeleke leo. Nguo zako usiniletee tena."

Mama Chapa akaichukua blauzi, bado ya moto, akaibana kwapani pamoja na mashine, akashika njia ya mahakamani.