Pakiti Iliyokaa Juu ya Meko

Mama yangu alipenda ndizi zake tamu za aina ya kampala kuliko kitu chochote shambani, na ndizo zilizomliza. Ugonjwa wa mnyauko uliingia kwenye udongo. Majani ya chini yaligeuka manjano, yakavunjika na kuning'inia shinani, na ukikata mgomba ulikuta ndani umeoza rangi ya kahawia. Aling'oa yote. Kwenye mteremko wetu kule Meru, mwanamke wa umri wake asiye na mkungu wa kupeleka kanisani siku ya mavuno huona haya, naye alikwenda miaka miwili na kikapu cha viazi.

Mimi naishi mtaa wa Majimbo, mjini Embu, na kazi yangu ni kupambana na ugonjwa huo huo: kufundisha wakulima kutumia kuvu rafiki, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaokaa kwenye mizizi na kuzuia kuvu wa ugonjwa wasiingie. Nimesimama mbele ya vikundi hadi Kiritiri nikieleza mpaka sauti ikanikauka kwamba hii si kemikali, ni kitu hai, na joto hukiua. Hunicheka, huniuliza kama kinakula ugali, lakini huelewa.

Mama sikumweleza. Nilifika Jumamosi moja wiki kadhaa kabla ya mvua za mwezi wa kumi, nikampa pakiti ya kuvu hao, unga wa kijivu. "Mami, hii ni dawa. Mvua ikianza, changanya na samadi, utie kwenye shimo, ndipo upande." Nilikuwa na haraka ya kurudi mjini, nikajidanganya kwamba Kimeru changu hakina maneno ya kueleza mambo kama hayo. Maneno ninayo tele. Nilimnyima nusu saa tu. Onyo lenyewe kuhusu joto lilikuwa nyuma ya pakiti, kwa Kiingereza, na mama alichojua kusoma ni Biblia ya Kimeru.

Alipanda miche kumi na miwili mahali pale pale. Mwaka uliofuata manjano yakarudi. Nilipokata mgomba wa kwanza na kuona kahawia ile, niliwaka. Nikamuuliza kwa ukali, kana kwamba ni mkulima mzembe, "Ile pakiti uliiweka wapi?"

Akanipeleka jikoni, akanyoosha kidole juu. Kwenye uchaga wa fito juu ya meko, anapoweka mbegu za mahindi na maharagwe zipate moshi zisitobolewe na wadudu, kulikuwa bado na kitambaa chake cha kichwa, kile cha Jumapili, alichoifungia ile pakiti.

"Niliiweka na mbegu," akasema. "Hapo ndipo pazuri kuliko pote katika nyumba hii."

Wiki sita juu ya moto. Alichotia kwenye mashimo kilikuwa kimekufa zamani.

"Ama nilikosea kuchanganya?" akauliza. "Nisamehe, mwanangu. Umeleta dawa kutoka mbali hivyo, nami nikaiharibu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kosa ni langu. Nilisema, "Haidhuru, Mami," naye akashukuru kwa kusamehewa. Hadi leo nikikumbuka ile shukrani najichukia.

Alifariki mwaka huu, bila kupanda tena. Baada ya maziko, mwanamke mmoja wa kanisa lake alinijia nikiwa nimesimama na wenzangu wa ofisini. Migomba yake nayo ilikuwa imeanza kunyauka.

"Ile dawa mama yako aliharibu, alikuwa anaisifu sana," akasema. "Alisema ni nzuri, ni yeye tu hakujua kutumia. Mimi naweza pata?"

Nikamweleza polepole, sikuacha kitu. Ni kitu hai. Kiweke mahali penye baridi, mbali na jua, mbali kabisa na moto. Kitumie mapema. Alisikiliza kwa makini, kisha akanitazama.

"Na mama hakuambiwa hivyo?"

Wenzangu walikuwa wakisikia.

"Nilimwambia," nikasema. "Alisahau. Ni uzee."