Chokaa ya Mwezi wa Tisa

Mama mkwe wangu Stamatia hajawahi kumwamini mtu mwenye daftari. Ni mjane wa miaka sabini na minne, na chumba cha juu anawapangisha wageni wanaokuja kuogelea na kutazama magofu ya hekalu la Wagiriki wa kale. Mgeni akila na kulala, hana neno naye. Akianza kuuliza maswali, uso unamkunjamana.

Ana sababu. Kizingiti chetu ni jiwe la marumaru lenye maandishi ya kale, ambalo baba mkwe wake alilifukua akichimba kisima, akanyamaza. Karibu kila nyumba hapa ina jiwe lake, na wote tumenyamaza. Binamu Lefteris peke yake ndiye aliyekwenda kutoa taarifa, mjinga yule. Watu wa serikali wa mambo ya kale wakazungushia shamba lake waya, na huu mwaka wa kumi na tisa anaitazama mizeituni yake akiwa nje.

Basi akaja Aris kutoka Australia, mwanamume wa miaka thelathini, Kigiriki chake kikichechemea. Mama akampa cheri za sukari kwenye kijiko na glasi ya maji, desturi yetu kwa mgeni, kisha akaanza kumhoji.

"Umekuja kuogelea?"

"Hapana, bibi. Naangalia nyumba za zamani tu."

Kesho yake Mama alipanda kutandika kitanda chake, akashuka mbio.

"Mwanangu, tumekwisha! Ana daftari, ana futi, ana brashi laini. Huyu ni mtu wa serikali!"

"Brashi ya viatu hiyo, Mama."

"Viatu gani, naye anavaa kandambili?"

Sisi tunapaka vizingiti chokaa kabla ya Pasaka. Kufikia mwezi wa tisa miguu ya watu imeshaila chokaa hiyo, na maandishi ya kizingiti yanaonekana. Mama akakoroga ndoo nzima, akapaka mara mbili. Jirani akachungulia: "Stamatia, Pasaka imerudi?"

"Nafukuza sisimizi. Fukuza wako!"

Aris aliporudi, chokaa ilikuwa bado mbichi. Akasimama akiduwaa.

"Bibi, hapa palikuwa na maandishi."

"Nani kakwambia?"

Akatoa picha. Msichana ameketi juu ya kizingiti chetu, sanduku la safari miguuni. Mama akaitambua sura aliyoizoea kwenye picha za ukoo: Areti, dada wa marehemu mumewe, aliyepanda meli ya Australia kabla Mama hajaolewa hapa.

"Ni bibi yangu," Aris akasema. "Amefariki mwezi wa sita. Siku ya kuondoka alichora jina lake kwa msumari pale kwenye kona, msije mkamsahau. Aliniomba nije nilisafishe, niliguse. Kwanza nilitaka kuhakikisha ndio mlango wenyewe."

Nikaona aibu kwa niaba yetu sote. Miaka hamsini Mama alikuwa akiyapaka chokaa na kuyaruka yale maandishi bila kuyasoma. Kwake yote, ya kale na ya Areti, yalikuwa balaa moja.

Mama aliingia jikoni. Alileta kisu cha kuparia magamba ya samaki, akapiga magoti, akaanza kukwangua. Maandishi ya kale yakatokea kwanza, mstari mzima, wazi kabisa hata kwa mpita njia.

"Mama, basi!" nikanong'ona.

Akaendelea mpaka kwenye kona. ARETI. Aris akaweka kiganja chake juu ya jina, akalia bila kujificha.

Ndipo akapita Vangelis, mlinzi wa magofu aliyeajiriwa na serikali, akienda kunywa kahawa yake. Akaitazama ndoo.

"Chokaa mwezi wa tisa, Stamatia? Unaficha nini?"

Mama akaketi juu ya jiwe. Akatandaza sketi yake nyeusi, ikafunika maandishi yote ya kale, kona tu ikabaki.

"Namwonyesha mjukuu jina la wifi yangu. Soma, kama unajua kusoma."

Vangelis akainama, akasoma, akainuka taratibu.

"Na chini ya sketi kuna nini?"

"Chini ya sketi yangu, Vangelis, hata marehemu mume wangu alikuwa anapiga hodi."

Vangelis uso ukamwiva kwa aibu, akaondoka. Lakini aligeuka nyuma mara mbili, na Mama alimwona. Chakula cha mchana nilimpelekea palepale kizingitini, maana alikataa kuinuka.